Waairishi wanatuita "watu wa buluu": dharau au lugha tu?

MamaJunior: Wakuu, nipo huku Galway, Ireland, mwanangu kaja na daftari la Kiairishi kaandika *duine gorm*, namuuliza ndo nini anasema mtu mweusi. Nafungua kamusi, gorm ni buluu! Mimi na buluu wapi na wapi? Kwani neno la nyeusi hawana?

MzeeKamusi: Wanalo, *dubh*. Ila *fear dubh* kwao ni shetani, na ukimwita mtu dubh hivi hivi wanaelewa nywele zake ndo nyeusi. Halafu gorm ya zamani sio buluu ya shati la shule, ni rangi iliyokoza kuelekea weusi, Kiwelshi, lugha ndugu ya Kiairishi, wanayo *gwrm*, weusi weusi hivi. Na Gormlaith mke wa Brian Boru, mfalme wa zamani wa Ireland, gorm ya jina lake wanaitafsiri utukufu. Tusi liko wapi?

ChumaMoto: Kwahiyo tushukuru tumeepushwa na ushetani 😂 wazungu wana mawakili bwana

MzeeKamusi: Sijamtetea mtu. Wapo Waairishi wenyewe hawaitaki, wanasema *duine de dhath*, mtu wa rangi, sijui hapo ndo umepona? Na nyie mnaopiga kelele, Kiswahili chenyewe hakina buluu, mmeazima kwa Mwingereza.

BintiPemba: Weeee! Na samawati?

MzeeKamusi: Kiarabu, mbingu. Rangi zetu za asili tatu tu, -eupe, -eusi, -ekundu. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, manjano ni kiungo cha pilau lako.

BintiPemba: Pilau haliwekwi manjano, nani kakufundisha kupika? Na hao Waairishi wako majani wanayaita *glas* na kondoo wa kijivu *glas* huyo huyo, kwahiyo maskini wa rangi ni nani?

ChumaMoto: Bara tunaweka

BintiPemba: Mnaweka kwa kuwa hamjui kukaanga kitunguu kikaiva, ndo wali unatoka mweupe mnatafuta rangi ya kuficha aibu.

MzeeKamusi: Turudi kwenye mada. Bibi yangu aliniita maji ya kunde toka mdogo, maji ya mboga iliyochemshwa, mbona sikushtaki?

BintiPemba: Maji ya kunde ni sifa, mzee, watu wanaimbiwa! Usilinganishe.

MamaJunior: Jamani mimi niliuliza habari ya daftari, kesho nina kikao na mwalimu, nimwambie afute au aache?

ChumaMoto: Mwambie aache. BintiPemba, kitunguu unakikaanga dakika ngapi?