Kwa nini sodiamu iachie elektroni ilhali kuing'oa kunahitaji nishati?

Muulizaji
Habari zenu. Vitabu hueleza kwamba atomu ya sodiamu, ambayo elektroni zake 11 zimepangwa 2:8:1 katika maganda yake kutoka ndani kwenda nje, hupoteza ile moja ya nje ili iwe thabiti kama neoni, nayo klorini yenye mpangilio wa 2:8:7 huipokea. Hata hivyo, nimesoma pia kwamba kuing'oa kunahitaji kilojuli 496 kwa kila moli. Ikiwa atomu inaelekea kwenye uthabiti, mbona inabidi ilazimishwe?

Jibu la kwanza
Hapo ndipo vitabu vingi hupita haraka. Atomu ya sodiamu iliyo peke yake haielekei kupoteza chochote, kwa sababu kiini chenye protoni 11 huivuta elektroni hiyo, ijapokuwa mvuto umepunguzwa na elektroni 10 za ndani zinazoikinga. Klorini inapoipokea hutoa kilojuli 349 tu, hivyo tukizitazama atomu zikiwa gesi, uhamisho wenyewe unabaki na upungufu wa kilojuli 147. Kinachofidia upungufu huo ni kuvutana kwa ayoni (atomu zenye chaji) chanya na ayoni hasi zinapojipanga kuwa fuwele ya chumvi, tendo linalotoa takribani kilojuli 787. Kwa hiyo uthabiti unaosemwa ni wa fuwele nzima, si wa sodiamu pekee.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia. Niongeze kwamba elektroni ya pili ya sodiamu ingehitaji kilojuli 4,562, zaidi ya mara tisa ya ile ya kwanza, kwa kuwa imo katika ganda la ndani, karibu na kiini, na fuwele haiwezi kufidia kiasi hicho. Kanuni ya elektroni nane, yaani kwamba atomu huelekea kuwa na elektroni nane katika ganda la nje, iliyotokana na kazi za wanasayansi Lewis na Kossel za mwaka 1916, hutabiri vizuri matokeo, lakini kwa maoni yangu haifai kufundishwa kama sababu. Chuma huunda ayoni zenye elektroni 24 au 23, na hakuna hata moja kati yake inayofanana na gesi adimu kama neoni.

Muulizaji
Nashukuru. Je, hesabu hiyo inafaa pia kwa oksidi ya magnesiamu?

Jibu la kwanza
Inafaa, tena kwa uwazi zaidi. Elektroni mbili za magnesiamu hugharimu kilojuli 738 na 1,451, na oksijeni hutoa nishati inapopokea elektroni ya kwanza tu. Ya pili huingizwa kwa nguvu, kwani inasukumwa na chaji hasi iliyokwisha kuwapo. Gharama zote hizo hulipwa na fuwele, ambayo kwa chaji maradufu hutoa takribani kilojuli 3,800.