Sauti zimenyamaza, lakini nyuso za watu bado zinampiga chenga mdogo wangu

Dada wa Kayole

Habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 21. Mwaka jana akiwa chuoni alianza kusikia sauti na kusema majirani wanamwinda. Tulihangaika sana kabla ya kufika kliniki: maombi, waganga, lawama za bangi ambayo hajawahi kuvuta. Sasa anameza dawa kila usiku na ni miezi minane hajasikia sauti. Namshukuru Mungu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Ananisaidia kwenye kibanda changu cha mboga. Sukuma anaikata kuliko mimi, nyembamba kama nyuzi. Lakini maneno ya wateja yanampita. Jumamosi mama mmoja alishika nyanya, akazigeuzageuza, akasema, "Hizi nazo zimechoka." Sote tunajua hapo unaombwa kupunguza bei. Yeye akajibu, "Ndiyo, zimechoka," akaendelea kukata. Yule mama akacheka, tena kicheko kizuri tu. Mdogo wangu akaweka kisu chini, na jioni nzima akawa ananiuliza kwa nini yule mama anamdharau.

Nyumbani ni vilevile. Mama alirudi kutoka soko la Gikomba hoi, akaketi bila neno. Kijana akajua amekasirikiwa, akalala bila kula. Asubuhi Mama akaniuliza kwa uchungu amemkosea nini mtoto. Wote wawili wameumia na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Pale anapotibiwa niliambiwa, "Mradi hasikii sauti, amepona." Ndugu za baba wanasema ana kiburi. Je, huu bado ni ugonjwa, ni dawa, au ndiyo tabia yake sasa?

Muuguzi wa akili

Pole sana dada. Si kiburi, na tafadhali waambie hivyo hao ndugu za baba. Ni sehemu ya ugonjwa ambayo sisi wahudumu huwa hatuielezi vya kutosha. Saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba unawindwa, inapoanza kwa vijana, mara nyingi huvuruga pia uwezo wa kusoma hisia usoni, kunasa nia iliyofichwa kwenye maneno, na kupima kama jambo limefanywa makusudi. Kwa wengine dalili hizi huonekana hata kabla ya sauti.

Kisa chako cha nyanya kimenigusa kwa sababu hivyo ndivyo watafiti wanavyoupima uwezo huo. Mwaka 1995 Rhiannon Corcoran na wenzake huko Uingereza walitumia visa 10 vifupi ambamo mtu anadokeza jambo bila kulitaja, kisha msikilizaji anaulizwa: alitaka nini hasa? Baadhi ya wagonjwa walishika maneno, nia ikawaponyoka.

Dawa hupunguza sauti na shuku, lakini kwa hili la kusoma watu msaada wake ni mdogo. Asiziache hata hivyo! Akionekana mzito au mwenye usingizi mchana, mwambieni daktari, kipimo kinaweza kurekebishwa. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi. Marekani, David Penn na wenzake walitunga mafunzo ya vikundi: washiriki hutazama picha za nyuso na video, halafu wanatenganisha walichokiona na walichokikisia. Hata kibandani mnaweza kuanza. Umeona nini? Amecheka. Umekisia nini? Ananidharau. Kuna sababu gani nyingine?

Nimepitia

Dada, mimi nina miaka 26, niliugua nikiwa na 19. Anayelia nilimjua, anayecheka nilimjua kiasi. Ulionitesa ni ule uso mtulivu, usio na chochote. Mtu ameketi kwenye matatu anaangalia dirisha lililo nyuma yangu, mimi naona ananichukia. Nilikuwa nashuka steji mbili kabla ya kwetu, natembea.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu. Tulikubaliana niwe namuuliza waziwazi, "Shangazi, uso huo ni wa nini?" naye anijibu kweli. "Ni wa kodi ya nyumba." "Ni wa jino." Hakuwahi kuchoka kuulizwa, na hilo silisahau. Mwambie mdogo wako anaruhusiwa kuuliza.

Mama wa Githurai

Nakubaliana nao, ila nakusihi usimsemeshe kama mtoto wa nasari, hasa mbele ya wateja. Nilifanya hivyo kwa binti yangu, akaacha kabisa kutoka nje. Mfafanulie mkiwa wawili.

Dada wa Kayole

Nimesoma yote nikilia, asanteni. Nilimweleza Mama. Juzi alipoingia alisema akiwa bado mlangoni, "Miguu inaniuma, sijakasirikia mtu." Kijana akaenda kumpashia maji kwenye karai, akala nasi.

Na leo mteja mmoja alisema, "Mwezi umekuwa mrefu huu." Mdogo wangu alinitazama. Sikusema kitu mbele yake. Mteja alipoondoka na vitunguu viwili tu nikamwambia alikuwa anaomba mkopo. Akafikiri, akauliza, "Sasa mbona hakuomba?" Nikamjibu kwamba aliona haya. Akachukua sukuma fungu moja, akamkimbilia hadi kwenye kona ya posho mill.

Muuguzi, kliniki yetu haina kikundi kama hicho ulichosema. Nikiwakusanya vijana wanne watano ninaowaona pale foleni na ndugu zao, je, tunaweza kuanza wenyewe, au lazima awepo mtaalamu?

Muuguzi wa akili

Anzeni kukutana, dada. Mtaalamu muombeni kwa barua kwa mkuu wa kliniki, mtie sahihi familia zote. Niandikie kwenye sanduku la ujumbe, nikusaidie kuiandika.