Naomba ushauri: kifuko cha mimba kinaonekana, mtoto haonekani

Habari zenu wapendwa, shikamooni wakubwa. Niko Newala, Mtwara. Kwa hesabu ya hedhi mimba yangu ina wiki 7, ila mzunguko wangu hubadilika, hivyo tarehe siiamini sana. Natokwa na matone ya kahawia. Tumbo haliumi, homa sina.

Altrasaundi ya juu ya tumbo imeonyesha kifuko cha milimita 17, kitupu. Nikaambiwa mimba imeharibika, nisafishwe. Mama mkwe naye anahimiza nisichelewe. Mimba hii tumeisubiri mno jamani, kipimo kimoja hakinitoshi. Nimesoma kwamba kifuko kitupu huthibitishwa kuharibika kikifika milimita 25 au zaidi kwa kipimo cha ukeni. Kikiwa kidogo, hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14.

Madaktari, wakunga na mliopitia haya: kwa hali yangu, ni salama kusubiri nirudie kipimo? Na kile cha damu cha homoni ya mimba, kinachorudiwa baada ya saa 48, nikifuate hospitali ya Ligula au ya Ndanda? Nauli ya kwenda kote kote sina.