Naomba ushauri: nitamtambuaje mwalimu mzuri wa kupiga mbizi kwa mtungi?

Mwanafunzi Mpya
Wanajukwaa, habari zenu. Nataka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, nami sijawahi kuzama zaidi ya kina cha bwawa la kuogelea. Nimepata vituo viwili, vyote vya mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji: kimoja kinaahidi cheti kwa siku mbili, kingine kinataka siku nne na malipo makubwa zaidi. Ikiwa cheti ni kilekile cha kuniruhusu kufika mita 18, kuna sababu gani ya kulipa zaidi?

Kina Kirefu
Ndugu, cheti ni kilekile lakini mafunzo hayalingani. Mashirika yanayotoa vyeti, kama PADI, SSI na CMAS, huweka kiwango cha chini tu. Yanayozidi hapo hutoka kwa mwalimu, kwa hiyo zungumza naye mwenyewe, usiishie kwa karani wa mapokezi. Muulize anachukua wanafunzi wangapi kwa pamoja. Kanuni za PADI zinamruhusu hadi wanane baharini, ila mimi nisingekubali kundi la zaidi ya wanne, kwa sababu anayemshughulikia mmoja aliyetaharuki hawezi kuwatazama saba waliobaki, hasa maji yakiwa na tope.

Kisha omba ukae kando ya bwawa utazame somo moja. Ukiona wanafunzi wamepiga magoti chini tangu mwanzo hadi mwisho, tafuta kwingine. Wanaofundishwa vizuri hufanya mazoezi yaleyale wakiwa wametulia katikati ya maji, hawazami wala hawapandi, kama watakavyotakiwa kuwa baharini juu ya matumbawe. Hilo peke yake lingenitosha kuchagua.

Mzamiaji wa Alfajiri
Mimi nilisoma kwa haraka hiyo ya siku mbili. Zoezi la kutoa maji kwenye miwani nililifanya mara moja tu, nikapongezwa. Miezi michache baadaye, nikiwa mita 12, miwani ilijaa maji, nikaingiwa na hofu, nikaanza kupanda kwa kasi huku nimebana pumzi. Mwenzangu ndiye aliyenishika. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka maradufu kutoka mita 10 hadi juu, na anayeibana anaweza kupasuka mapafu. Muulize mwalimu atafanya nini ukishindwa zoezi. Akisema mtalirudia hadi ulizoee, hata kama itahitaji siku ya ziada, mfuate huyo.

Mwanafunzi Mpya
Nawashukuru sana. Nina jambo moja zaidi: niliugua pumu utotoni, na kituo cha siku mbili kimenishauri nijaze "hapana" kila mahali kwenye fomu ya afya ili tusichelewe.

Kina Kirefu
Basi usirudi huko. Fomu ile ipo kwa sababu pumu inaweza kunasa hewa mapafuni wakati wa kupanda, na mwenzako ameshakueleza hatari yake. Anayekufundisha kudanganya kabla hujalowa hata unyayo hatakulinda ukiwa chini. Jaza ukweli, umwone daktari anayeuelewa uzamiaji, kisha akikuruhusu uende kwa wale wa siku nne. Ukipanda chombo chao, waombe wakuonyeshe mtungi wa oksijeni ya dharura kabla hamjang'oa nanga.