Waliojiandikia kompaila: tupeane uzoefu wa lugha ya kati na msimbo wa mashine

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)
Wandugu, jambo. Naanza na yangu, kila mtu aweke yake, hata ya aibu. Kwa kazi ya kumaliza masomo nilitunga lugha ndogo ya kuandikia programu, yenye maneno "kama", "sivyo" na "wakati", na kompaila ya kuigeuza kuwa msimbo wa mashine, yaani maagizo ambayo prosesa inayaelewa. Mti wa sintaksi, yaani matawi yanayoonyesha muundo wa programu, ulisimama vizuri. Halafu haraka ikaniponza: kutoka kwenye mti nikaandika moja kwa moja asembli (maagizo ya prosesa kwa maneno) ya x86-64, aina ya prosesa iliyomo kwenye laptopu nyingi, kila tawi na maagizo yake. Ikafanya kazi, nikajiona fundi. Siku rafiki yangu wa Goma alipotaka kuijaribu, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, laptopu imezimika, akabaki na simu tu. Na simu ni ARM, aina nyingine ya prosesa yenye maagizo yake. Karibu nusu ya programu yangu ilikuwa ya kutupwa.

Ndipo nikaweka lugha ya kati, inayokaa baina ya mti na mashine, maagizo mafupi mafupi: t1 = a * b, kisha t2 = t1 + c. Mti unageuzwa mara moja tu, halafu kila prosesa inatengenezewa mtafsiri wake mdogo. Baadaye nikasoma kwamba LLVM, mfumo wa kujengea kompaila ulioanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, inasimama juu ya wazo hilohilo. Niliona haya kidogo.

Mtu wa Himbi (Goma)
Mwenye simu ndiye mimi. Na mega nilizomaliza kuipakua hujanirudishia.

Yangu ni ya SSA, ule mtindo wa lugha ya kati ambao kila jina linapewa thamani mara moja tu. Kwenye kitanzi, thamani zinazotoka njia mbili zinakutanishwa na agizo liitwalo fi: "ukitokea juu chukua hii, ukirudi kutoka chini chukua ile." Sasa prosesa haina agizo la fi. Unapotoa msimbo wa mashine unazigeuza kuwa kunakili, na mimi nilinakili moja baada ya nyingine bila kuwaza. Fibonacci, namba ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia, ikanitolea 1, 2, 4, 8, 16 badala ya 1, 2, 3, 5, 8. Siku tatu natafuta kosa kwenye kujumlisha! Kumbe b (namba ya mwisho) ilikuwa inapokea thamani mpya kwanza, kisha a (ile ya kabla yake) inanakili b iliyokwisha kubadilika. Fi zote za mlango mmoja zinasomwa kwa pamoja kabla yoyote haijaandikwa. Nikatia rejista (kisanduku cha thamani ndani ya prosesa) ya muda, ikapona.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)
Vijana, makosa yenu angalau yanatoa jibu. Langu lilikuwa linaanguka tu, tena siku likipenda. Nikichapisha namba kamili, sawa. Nikichapisha yenye desimali, programu inakufa ndani ya printf, fonksheni ya kuchapisha, lakini si katika kila fonksheni. Nililaumu kompyuta, nikailaumu hata Linux. Mwishowe nikahesabu vigeu, yaani majina yanayobeba thamani: fonksheni yenye vigeu viwili au vinne ilipita, yenye vitatu ilianguka. Kwenye Linux ya x86-64, anwani ya staki (sehemu ya kumbukumbu inayotunza vigeu vya fonksheni) lazima igawanyike kwa 16 kabla ya kuita fonksheni. Vigeu vyangu vilikuwa vya baiti 8 kila kimoja, basi vikiwa witiri staki inakaa upande. Dawa yake ni baiti 8 tupu. Wiki mbili kwa baiti 8, jamani.

Ibanda24 (Bukavu)
Yaya, shikamoo. Mimi kila kigeu nakiweka kwenye kumbukumbu, rejista natumia mbili tu kati ya 16. Programu inakwenda kama lori la mizigo kwenye matope. Nifanyeje?

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)
Marahaba. Sote tulianza hivyo. Chora kila kigeu kama nukta, unganisha vinavyoishi kwa wakati mmoja, kisha vipake rangi: rangi moja ni rejista moja, na vilivyoungana visifanane. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walionyesha njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitakachokosa rangi kibaki kwenye staki. Ila usiguse chochote kabla hujapima Fibonacci ya huyo wa Himbi.