Urefu wa safu ndani ya funksheni: kosa la mwanafunzi au la lugha ya C?

Mleta mada: Wakuu, kuna jambo tunawaonea nalo wanaoanza C. Mtu ana `int alama[10]`, yaani safu (array) ya namba 10. Ndani ya `main`, `sizeof(alama)/sizeof(alama[0])`, yaani baiti za safu nzima kugawa kwa baiti za alama moja, inampa 10. Hesabu hiyohiyo akiipeleka kwenye funksheni `wastani(int alama[])`, anapata 2. Programu haigomi. Inajumlisha alama mbili za kwanza, inatoa wastani wa uongo, kisha tunamwambia hajasoma.

Kinachofika kwenye funksheni si safu, ni pointa: anwani ya alama ya kwanza tu. Kwenye kompyuta nyingi za biti 64 pointa ni baiti 8 na `int` ni baiti 4, ndiyo hiyo 2. Hata ukiandika `int alama[10]` kwenye parameta, ile 10 haibadilishi kitu. Hapo ndipo ninapokasirika. Lugha inakupokelea namba, inakaa kimya, halafu haiifanyii kazi. Msimamo wangu: kubeba urefu ni jukumu la lugha.

Mchangiaji wa kwanza: Nakupinga, mkuu. Dennis Ritchie aliitengeneza C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kumbukumbu ikiwa haba. Hata leo Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kompyuta, ina RAM ya kilobaiti 2. Andika `wastani(alama, n)`, `n` ikiwa urefu wa safu, yamekwisha. Tena kompaila ya GCC inakuonya ukitumia `sizeof` namna hiyo. Asiyesoma maonyo asiilaumu lugha.

Mchangiaji wa pili: Ipo pia `int (*alama)[10]`, pointa ya safu nzima. Hapo `sizeof(*alama)` inatoa baiti 40 za safu nzima. Ila safu ya alama 11 haikubaliki.

Mleta mada: Onyo hilo linakamata `sizeof` pekee. Peleka `n` ya 12 kwa safu ya 10 uone: funksheni itasoma nje ya safu, na mara nyingi hakuna atakayekwambia.

Wala si wanafunzi tu. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulipenya kompyuta za Unix kupitia, pamoja na njia nyingine, programu ya fingerd, iliyopokea maandishi kwa `gets`, funksheni ya C ya kusoma mstari, kwenye nafasi ya baiti 512. `gets` haipewi urefu, hivyo iliandika hadi ikavuka mpaka. Waliokuwa wakiitumia ni mafundi waliobobea. Viwango vya C viliiondoa 2011, miaka 23 baadaye!

Walter Bright, mtengenezaji wa lugha ya D, alipendekeza 2009 C iongezewe safu inayotembea na urefu wake, `char a[..]`, na pointa za kawaida zibaki kwa anayezitaka. Sasa mkuu wa Arduino, nijibu hili: hiyo `n` si unaipeleka tayari kila unapoita funksheni? Lugha ikiibeba yenyewe, kumbukumbu gani ya ziada utakuwa umepoteza?