Mama wa miaka 58 kukimbia barabarani: kosa liko wapi?

MwanaMbagala:
Wadau, naomba mawazo yenu, ila bila matusi kwa sababu namzungumzia mzazi. Mama yetu ana miaka 58, ni mjane, kazi aliacha kwa kustaafu kwa hiari. Daktari alipomwambia presha na sukari vinapanda, akajiunga na klabu ya joging ya mtaani. Kila Jumapili alfajiri anavaa raba, taiti na tisheti ya klabu inayomfika mapajani, wanaanzia Rangi Tatu, wanaifuata Kilwa Road wakiimba mchakamchaka, kisha wanarudi kunyoosha viungo uwanjani. Wiki iliyopita baba mdogo kakutana nao njiani. Jioni yake akaitisha kikao cha ukoo. Maneno yake hasa: "Shemeji anazeeka vibaya, anatutia aibu." Dada yangu yuko upande wa baba mdogo. Mimi kosa silioni. Mwanamke wa umri huo akikimbia hadharani, amekosea nini?

Babu Kijiweni:
Mwanangu, afya hakuna anayeikataza. Ila kila umri una staha yake. Mama zetu walizeeka ndani ya doti moja ya khanga, walipiga jembe, walibeba maji kichwani, raba hawakuijua, na wengine tuliwazika wakiwa na miaka tisini. Mama yako afagie uwanja wake, atembee hadi sokoni, inatosha. Halafu jambo moja hamjalisema: hiyo alfajiri anayokwenda kuimba barabarani, wajukuu wanabaki na nani?

MamaWawili:
Shikamoo babu. Wajukuu wana baba na mama. Mbona hujauliza baba yao yuko wapi Jumapili alfajiri? Kalala. Mimi ni miongoni mwa wanaowaachia mama zao watoto, na huwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kugombea daladala, siendi kustarehe. Sipendi mtu anayetuingiza kwenye kila mada kama vile tumetupa watoto.

Babu Kijiweni:
Marahaba mwanangu. Sijakutaja, umejitaja mwenyewe.

MtuWaViungo:
Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, naomba nilijibu hilo la jembe kwa sababu nalisikia kila wiki. Mzee, wale bibi walikuwa na nguvu kweli, na nguvu ile waliipata kwa kuwa mwili ulikuwa kazini kutwa nzima. Mama wa leo mjini hapigi hilo jembe. Maji yako bombani, mkaa unaletwa mlangoni, bodaboda inamfuata hadi barazani. Kufagia uwanja dakika kumi hakuzibi pengo hilo. Tena jembe lenyewe halikuwaacha salama. Nawapokea kina mama waliolima maisha yao yote, migongo imeisha, magoti yamevimba, kwa sababu kazi ile haina siku ya kupumzika wala haikupimwa kulingana na mwili.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na miaka ya mwanzo mifupa hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine. Mfupa unaopungua hauumi. Unakuja kujua siku umeteleza bafuni nyonga ikavunjika. Misuli nayo inapungua kama haitumiki. Mfupa unataka kubebeshwa uzito wa mwili ndipo ujiimarishe: kutembea haraka, kupanda ngazi, kukimbia polepole, kunyanyua vitu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kutia misuli nguvu. Waliofika 65 wanaongezewa mazoezi ya kujiweka sawa wasianguke, siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo huyo mama, Jumapili peke yake haimtoshi. Mngekuwa mnajadili namna ya kumwongezea siku.

Boda Zakhem:
Daktari kaongea vizuri, lakini tuseme ukweli. Tatizo taiti. Sisi tuko kijiweni alfajiri, kundi linapita, vijana wanakwenda vizuri, halafu anapita mama wa umri wa mama yangu mapaja yote yanaonekana. Unageuza uso. Siyo kwamba tunazomea kwa ubaya.

MamaWawili:
Kumbe mnazomea. Na wale wazee wenye vitambi wanaokimbia vifua wazi kundi hilo hilo, uso mnaugeuzia wapi?

Boda Zakhem:
Mwanaume ni mwanaume dada.

MamaWawili:
Basi umeshajibu swali la mleta mada. Kosa la mama yake ni kuwa mwanamke. Asante.

Bint Ng'ambo:
Wa Bara mnachelewa. Huku Unguja vikundi vya mazoezi vipo miaka na miaka, na tarehe mosi Januari ni siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vyatoka kila upande na viongozi wa nchi wanashiriki. Utawakuta kina mama watu wazima, bibi za watu, mtandio kichwani, baibui, suruali ndani, raba chini, wanakimbia na wanaimba. Mimi mwenyewe nakimbia hivyo. Jasho lipo, lakini haja ya taiti sikuiona bado. Na wale wanaosema dini inakataza, wakumbuke Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Baadaye alipokuwa amenenepa wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile.

Abuu S.:
Hadithi hiyo usiikate dada yangu. Walikuwa safarini, na Mtume aliwaambia watu watangulie mbele ndipo wakashindana wawili wao. Hapakuwa na kijiwe cha bodaboda hapo.

Bint Ng'ambo:
Nami sikusema palikuwa na kijiwe. Nimesema mwanamke kukimbia si jambo la ajabu katika dini, wala kunenepa halafu ukajaribu tena si aibu. Wewe umelitoa neno lililokuuma ukaliacha lililobaki. Kama shida ni macho ya wanaume, Qur'ani imeanza kuwaamrisha wanaume wainamishe macho, aya ya wanawake ikafuata. Surat Nur, isome.

Abuu S.:
Naijua. Na hiyo ya pili nayo uisome hadi mwisho.

Mkimbiaji Eldoret:
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Niko huku Eldoret na nashangaa bado mnajadili miaka 58. Edna Kiplagat, mama wa watoto, alimaliza wa tatu Boston marathon mwaka 2024 akiwa na miaka 44, na mbele yake walikuwa Wakenya wenzake. Huo ni umri ambao watu huanza kumwambia mwanamke akae chini apike. Tena hiyo Boston ndiyo kuna yule mama wa Amerika aliyevutwa mashati na msimamizi miaka ya sitini, wakisema wanawake hawawezi hizo kilomita zote.

MtuWaViungo:
Kathrine Switzer, 1967, namba 261. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972. Na mwaka 2017 alirudi akakimbia mbio ile ile na namba ile ile akiwa na miaka 70. Wakati ule kulikuwa na watu wanaoamini kabisa kwamba mwanamke akikimbia mbali kizazi kitashuka. Maneno hayo hayo nayasikia hapa Dar es Salaam, na mengine yanasemwa na wanawake wenyewe.

Babu Kijiweni:
Hao ni wanariadha, wanalipwa. Msitulinganishie mshindi wa medali na mjane wa Mbagala. Na hamjanijibu, mnaruka ruka tu. Bibi ndiye aliyekuwa anakaa na watoto, anawasimulia hadithi, anawafunza adabu. Leo bibi yuko barabarani, mama yuko kazini, mtoto analelewa na simu. Tutavuna nini?

Mdau Tegeta:
Nchi hii si kulikuwa na agizo la mazoezi kila mwezi? Enzi za Magufuli nadhani. Mbona wanaume wa ukoo hawakulipinga lile?

MtuWaViungo:
Ndiyo, Desemba 2016. Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Yeye mwenyewe kazaliwa Januari 1960, alikuwa na miaka 56. Baba mdogo aambiwe hilo.

Abuu S.:
Na alikuwa kajistiri.

Bibi Mwenyewe:
Wanangu, nimekaa kimya nasoma, sasa naomba nafasi. Nina miaka 61. Mnazungumza habari zetu kama tumeshakufa.

Nilipofika hamsini na kitu nilianza kushindwa kunyanyuka chooni. Choo chetu cha kuchuchumaa, nikawa nashika ukuta kwa mkono, mkono mwingine naegemeza gotini, na siku nyingine naita mjukuu anivute. Kusujudu ikawa tabu, nikaanza kuswali juu ya kiti. Sikuwa mgonjwa. Mwili ulikuwa umekaa tu. Leo nachuchumaa na nanyanyuka bila kushika kitu, na hayo nimeyapata kwenye kundi la akina mama wenzangu. Tulianza kwa kutembea, tukaja kukimbia kidogo kidogo. Mwenzetu akifiwa tunachanga na tunakwenda kuzika pamoja.

Na liko jambo hamlitaji kwa sababu wengi wenu ni wanaume. Wengi wetu tuliozaa, ukikimbia au ukipiga chafya mkojo unachuruzika. Wako wenzangu walioacha mazoezi kwa aibu hiyo tu, taiti haikuhusika. Khanga nyeusi, pedi, na bado anaogopa. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna dawa yake.

Babu Kijiweni, umeuliza wajukuu wanabaki na nani. Mimi nimelea sita wa kwangu, nikalea wawili wa marehemu mdogo wangu, sasa nina wajukuu watatu ndani. Mtoto analetwa Jumapili jioni, begi la nguo, pakiti ya pampasi iliyofunguliwa, "mama nitakutumia hela." Wiki inaisha. Nikitoka saa moja kwa ajili ya magoti yangu, ukoo unakaa kikao. Nikitoka kwenda msibani siku tatu, hakuna anayeuliza watoto wako na nani.

MtuWaViungo:
Shikamoo mama. Hilo la mkojo lina tiba na ni jambo la kawaida sana kwa waliozaa. Ile misuli ya chini ya nyonga inafundishika: unabana kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unahesabu taratibu hadi tano huku unapumua, unaachia kabisa, unarudia mara kumi, na unafanya kila siku. Usifanye wakati unakojoa. Unaweza kufanya umekaa kwenye daladala, hakuna atakayejua. Inachukua miezi, siyo siku mbili. Isipopungua uende hospitali uombe mtu wa fiziotherapia. Na mwenye presha apime kwanza kabla ya kuongeza mwendo, aanze kwa kutembea kama mlivyoanza nyie.

MamaWawili:
Bibi, shikamoo. Maneno yako ya begi na pampasi yamenichoma, naona kama nimesemwa mimi. Sisi tunaowaachia mama watoto hatuna wa kumwachia mwingine. Dada wa kazi anataka mshahara ambao ni nusu ya wangu. Na mama alikuwa akisema mwenyewe, "niletee mjukuu wangu nisikae peke yangu."

Bibi Mwenyewe:
Marahaba mwanangu. Sijakusema wewe, sikujui. Lakini na mimi nilisema hivyo hivyo alipoletwa wa kwanza. Kumpenda mjukuu ni jambo moja, na kuamuliwa saa zangu zote ni jambo jingine. Huyo dada wa kazi unayesema anataka mshahara, mama yako anafanya kazi ile ile.

Babu Kijiweni:
Sasa mnataka bibi alipwe kulea damu yake? Tumefika huko?

Boda Zakhem:
Ila babu, mama yangu mimi anakaa na watoto wangu wawili na kweli sijawahi kumuuliza kama kachoka.

MwanaMbagala:
Wadau nashukuru, lakini turudi kwenye mada. Kikao kingine ni Jumamosi. Mjue pia kwamba dada yangu aliye upande wa baba mdogo, pacha wake wanalala kwa mama tangu waachishwe ziwa, na shifti yake inaanza Jumapili saa kumi na mbili. Hilo halikusemwa kikaoni. Kilichosemwa ni taiti. Mama alipoona hivyo akasema yuko tayari kuvaa dera na suruali ndani kama huyo dada wa Unguja. Baba mdogo akakubali. Dada akakataa.

Bint Ng'ambo:
Umeona basi.

MamaWawili:
Msimvamie dada yake. Nani atakaa na hao pacha saa kumi na mbili asubuhi? Wewe mleta mada, siku ya Jumapili unakuwa wapi?

MwanaMbagala:
Mimi naishi Kigamboni, na nina familia yangu.

MamaWawili:
Nilijua. Kaka anamtetea mama akiwa Kigamboni, dada anaitwa mbaya kwa sababu yeye ndiye mwenye watoto na shifti. Pantoni inaanza mapema, kaka yangu. Njoo Jumamosi jioni ulale hapo, asubuhi uwape pacha uji, mama akimbie.

Babu Kijiweni:
Mwanaume akalee pacha ili bibi akakimbie.

Bibi Mwenyewe:
Ndiyo mzee wangu. Kuna ubaya gani? Ni wajomba zao.

Abuu S.:
Mjomba ni mmoja hapo, mama.

Bibi Mwenyewe:
Basi huyo mmoja. MwanaMbagala, baba mdogo wako anayeitisha vikao, yeye Jumapili hiyo saa kumi na mbili ana kazi gani? Uliza hilo kikaoni, mbele ya watu wote, halafu uje utuambie amejibu nini.